Seli G Hukaa Wapi

Serikali ilikuwa imetufutia majina ya ubatizo, sote tukawa citoyen na citoyenne, yaani raia tu, na mwalimu wetu wa fiziolojia, pale shule ya uuguzi Bukavu, akaona hata majina ya mababu ni mzigo. Akatuita kwa herufi za zile seli za utumbo zinazotoa homoni. Mimi nilikuwa G, ya tumbo la chakula, inayochochea asidi. Alisema inaufaa mdomo wangu. Rafiki yangu, binti wa mkulima wa kijiji cha Miti, alikuwa S, inayoituliza asidi hiyo. Kila seli, alitufundisha, hupewa aina yake kwa homoni inayotoa na mahali inapokaa. Basi madawati yakawa utumbo: mbele tumbo la chakula, katikati utumbo mdogo, na nyuma kabisa, karibu na choo, utumbo mkubwa, makao ya seli L na ya wajinga.

Namchukia mtu yule mpaka leo, Mungu anisamehe au asinisamehe.

Siku moja nilimuuliza swali likamshinda. Akanihamishia nyuma na herufi yangu ileile, nikakaa huko mwaka mzima.

Rafiki yangu hakuwa na kitabu; nani alikuwa nacho? Alijifunza kwa kututazama. Na baba yake alikuwa amemwambia wazi: ukifaulu utaendelea na shule, ukianguka utaolewa na mchuuzi wa dhahabu wa Kamituga, mtu mzee kuliko baba mwenyewe.

Mtihani ulikuwa wa mdomo, mbele ya darasa zima.

"Citoyenne S, selule G inaikalaka wapi?"

Akafumba macho. Nilijua anapita dawati kwa dawati kichwani mwake, ananitafuta.

"Ku utumbo mukubwa, citoyen professeur."

Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa koti lake la abacost.

"Nani alikufundisha ile?"

"Ni hapa, mu darasa."

"Zéro. Uende ukalime."

Baba yake alikuwa akingoja uani. Nikamkimbilia, nikamweleza kwamba kosa si la binti yake, nikamsihi amrudishe mwaka ujao. Mzee alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwanawe.

"Kamata mizigo, mutoto yangu. Ngombe zilishafika kwetu kabla ya mutihani. Tuko tunakunywa maziwa yake."