Chemchemi Iliyonuka Kila Mvua

Katika miaka ya sitini nilifundisha shule ya msingi kwenye kilima kimoja karibu na Burungu, mahali ambapo watu walijua kila kitu pasipo kwenda kukitazama. Kipaji hicho sikukipata, pamoja na masomo yangu yote.

Kiangazi chote chemchemi iliyo chini ya kilima ilitoa maji safi. Mvua ziliporudi, ikaanza kunuka. Kwa kuwa mama mmoja, mjane kutoka Walikale, alikuwa amejenga karibu nayo kiangazi hichohicho, uchunguzi ulikamilika kabla haujaanza: ametia sumu. Baada ya misa ya Jumapili wanaume waliazimia kumfukuza pamoja na watoto wake, na shamba lake la maharage lipewe mtu mwaminifu zaidi. Mwaminifu huyo alikuwa amekwisha kupatikana: jirani yake, ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote.

"Mbele ule mama akuye hapa, maji ilikuwa muzuri," aliniambia.

"Ulimwona akitia kitu?"

"Mwalimu, watu banasema."

"Nitajie mmoja aliyeona."

"Weye unapenda sana kuuliza. Njo maana haujaoa."

Hoja hiyo ilikuwa nzito.

Nilianza kwenda chemchemini kila jioni. Harufu ilikuja baada ya mvua kubwa na kupungua siku kavu. Sumu inayosubiri mvua ni sumu yenye nidhamu, nikaona heri nipande kilima kuitafuta ilikotoka. Mvua inayoangukia shambani huingia udongoni polepole. Maharage hunywa sehemu yake, na inayobaki huchujwa ikishuka. Lakini huko juu, kati ya mawe meusi ya volkano, palikuwa na dimbwi ambamo familia zote, zile zile zilizolalamika, ziliroweka mihogo mpaka ilainike na kuacha uchungu. Ukingoni mwa dimbwi, juu kidogo ya maji, mwamba ulikuwa na ufa.

"Maji ya hapa inaendaka wapi?" nilimwuliza jirani yule, ambaye mihogo yake ilijaza nusu ya dimbwi.

"Haiendake popote, Mwalimu. Inakaaka tu."

Hakuna kijito kilichoonekana kikitoka pale. Kwa hiyo, kwa elimu ya kilima, maji hayakutoka.

Siku mawingu yalipokusanyika niliwaita wazee, nikampa jirani kikapu cha makapi ya mtama mwekundu, nikamwomba ayamwage dimbwini kwa mikono yake mwenyewe, ili kesho asiniambie habari za watu. Mvua ikanyesha. Dimbwi likajaa hadi kwenye ufa, makapi yakazunguka kidogo, yakamezwa. Tukateremka tukiwa tumelowa chapachapa.

Chemchemini hapakuwa na kitu. Mama mjane alisimama mbele yetu, kibuyu kitupu mkononi, akijua vizuri tulichokuja kuamua.

"Mwalimu, mutama yako imelala njiani?" jirani akauliza, na watu wakacheka.

Walikuwa bado wanacheka kapi la kwanza lilipotoka. Likafuata jingine, kisha maji yote yakawa mekundu, yakinuka mihogo iliyooza.

"Ao ule mama njo alitupa makapi ingine," jirani akasema.

"Alitupa saa ngapi, na sisi wote tuko hapa?" mzee mmoja akamkatiza. "Mama, ubakie kwako. Na weye, kesho utoe mihogo yako mule, wa kwanza."

Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ili uone hakina sumu. Mama aliinama, akajaza kibuyu pale pale penye makapi. Akapiga funda moja mbele ya wote, akameza bila kukunja uso, kisha akamnyoshea jirani kwa mikono miwili, kwa heshima kamili anayopewa baba.

"Karibu, Papa."

Jirani akawatazama wazee. Wazee wakamtazama yeye. Akanywa yote, na makapi yake.