Mgonjwa wa Mazoezi

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kufagia na kuumwa. Kufagia niliajiriwa. Kuumwa nilitwikwa baadaye, na hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Shule yenyewe iko ghorofa ya pili, juu ya karakana ya mafundi wa matairi. Ina vyumba vitatu, choo kimoja, na ofisi ya Mkuu yenye pazia ambalo nimelifua mpaka rangi yake haina jina. Wanaosoma pale ni wauguzi. Vyuo wamemaliza, wodini wamefanya kazi, kuchoma sindano na kufunga vidonda wanajua. Ila wanataka kwenda kufanya kazi ng'ambo, na huko humgusi mgonjwa kabla hujafaulu mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Basi wanakuja kila alasiri, wamechoka na zamu, wanakaa kwenye viti vidogo, wanarushiana mpira.

Ndiyo, mpira. Mwalimu wao, ambaye wote tulimwita Mwalimu Kadi, hakuamini kufundisha kwa kujaza ubao. Kila somo kwake lilikuwa mchezo. Anayedaka mpira anajibu swali. Nusu ya darasa wanapewa picha, nusu wanapewa maelezo, wanazunguka chumbani wakiulizana mpaka kila mmoja ampate mwenzake. Au wawili wanakaa wamepeana migongo, mmoja anaeleza mchoro na mwingine anachora asichokiona. Kuna siku mmoja alielezewa kitanda cha hospitali akachora ng'ombe, tukacheka mpaka fundi wa chini akagonga dari na chuma.

Kadi za michezo hiyo nilizikata mimi, kwa mkasi wa ofisini, kutoka kwenye maboksi matupu. Nilikata mamia. Na herufi nilijifunza humo humo, kwa kuutazama ubao kabla ya kuufuta, maana shule mimi niliishia kuiona kwa nje. Baba alisema mtoto wa kike akijua kupika anatosha. Nikapika. Nikampikia mume miaka kumi na mitano, akaja akahamia kwa msusi wa mtaa wa pili, na sufuria yangu kubwa akaibeba. Mume nilimsahau. Ile sufuria bado inaniuma.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja. Mlango ukifungwa, Kiswahili kinabaki nje. Atakayeteleza akasema hata neno moja anakatwa alama, na alama zikipungua jina lako halipelekwi kwenye mtihani. Nimeona mama mzima, muuguzi wa miaka ishirini kazini, amebanwa kidole na dirisha, machozi yanamtoka, na mdomo ameufumba asije akasema "mama yangu wee".

Siku moja Mwalimu Kadi alinikuta koridoni na ndoo.

"Mama, wewe Kiingereza hujui hata kidogo?"

"Hata cha kuombea maji, Mwalimu."

"Safi sana! Wewe ndiye ninayekutafuta."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusifiwa kwa kutojua. Akanieleza kwamba wauguzi wakiigizana wao kwa wao wanabebana, kila mmoja anamwelewa mwenzake hata akisema upuuzi. Yeye alitaka mgonjwa asiyeelewa kitu, ili muuguzi ahangaike na maneno mepesi, na mikono, na uso, mpaka waelewane. Nikalazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa, nikafunikwa kitambaa cha meza ya Mkuu. Nikapewa kadi yenye mchoro wa mtu na duara jekundu mahali panapouma. Muuguzi haruhusiwi kuiona. Anauliza, anagusa, mimi naonyesha. Dakika nne zikiisha anaandika kwenye fomu mgonjwa anaumwa wapi, Mwalimu anailinganisha na kadi. Zikilingana, makofi.

"Ukipanda mezani, mama," aliniambia, "wewe si wewe tena. Ni mgonjwa. Lolote utakalosema pale ni la mgonjwa."

Jina likanikaa: Mama Mgonjwa. Hata mafundi wa matairi wakaliokota.

"Mama Mgonjwa, leo unaumwa wapi?"

"Leo naumwa na sura yako."

Nilikuwa mgonjwa hodari, sitaficha. Nilijikunja, nilikoroma, nilizimia mara mbili. Walimu wa shule nyingine walikuja kutazama mbinu ile wakapiga picha. Moja imebandikwa ofisini mpaka leo. Mwalimu Kadi anaonekana mzima, mimi naonekana nyayo.

Kuna jambo Mwalimu hakulijua, na mimi nilinyamaza. Kadi za mgonjwa zilikuwa tano tu, naye alizitoa kwa zamu: kichwa, kifua, tumbo, mgongo, mguu, kisha kichwa tena. Wanafunzi waligundua. Niliwasikia ngazini wakinong'onezana, "Leo mguu," halafu wanaingia wanajifanya kuuliza. Nikasema moyoni, yasiyonihusu. Nina ndoo yangu.

Maumivu yangu mwenyewe yalianza kidogo, kama kuchomwa na sindano ya kushonea, tumbo la chini, upande wa kushoto. Nikijipapasa nakuta kigumu, kama ndimu iliyofichwa chini ya kitambaa. Nikamwomba Mkuu ruhusa ya siku moja niende hospitali.

"Wiki hii haiwezekani, mama. Tuna wageni."

Wiki ya pili nikamwomba tena. Akacheka.

"Mama, una wauguzi ishirini hapa kila siku. Unataka hospitali gani nyingine?"

Alitania. Mimi sikusikia utani. Nilirudi na ufagio wangu nikiwaza: kumbe kweli. Ya nini nikapange foleni tangu alfajiri, wakati kila siku nalala mbele ya wauguzi ishirini na mmoja wao ananishika? Nitaonyesha panaponiuma kweli, basi. Nililiona wazo la maana sana.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, siku ya majaribio ya mwisho ya alama. Zamu ilikuwa ya binti tuliyemwita Dada Saa, kwa sababu ya saa ya wauguzi aliyoibandika kifuani. Alifanya kazi wodi ya akina mama. Nilimpenda. Katika wote, ni yeye tu aliyenisalimia shikamoo kila siku pale ngazini, ni yeye aliyenishikia mlango nikiwa na ndoo mbili. Nikawa namwita mwanangu. Nilipomwona anasogea nikasema, Mungu kaniletea anayejua.

Kadi niliyopewa ilikuwa ya kichwa. Nikaisukuma chini ya mgongo.

Akauliza lile swali la wapi panauma, nami nilikuwa nimeshalijua kwa mlio wake. Nikamshika mkono, nikauweka tumboni.

"Hapa, mwanangu. Kweli kabisa. Leo sichezi."

Darasa zima likaangua kicheko. Mama Mgonjwa leo kapatia!

Dada Saa akabonyeza jinsi wauguzi wanavyobonyeza, vidole vimelala. Mkono ukasimama. Ukarudi. Ukazunguka kile kigumu polepole, kama mtu anayepapasa ukingo wa sahani gizani. Nikamtazama usoni, na uso ule haukuwa wa mchezo. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama Mwalimu, ambaye aliinua kidole kimoja: dakika moja imebaki. Dada Saa akaondoa mkono akaandika.

Mwalimu akachomoa kadi chini ya mgongo wangu, akaiinua juu. Kichwa. Akainua fomu. Kichwa. Walipiga makofi mpaka vumbi la chaki likaruka.

Mlango ulipofunguliwa Mwalimu akanijia kwa Kiswahili, anang'aa. "Mama, leo umetisha! Umemtega na tumbo, naye hakuyumba. Wewe ulipaswa uwe kwenye sinema."

Nikasimama ngazini kumsubiri Dada Saa. Alitoka na wenzake, wamemkumbatia, anacheka. Aliponipita akanigusa bega. "Asante, mama. Umenifaulisha." Akashuka.

Nami, mjinga niliyesomea ubaoni, nikafanya hesabu yangu pale pale. Muuguzi wa wodi ya akina mama ameshika, amepapasa, hajasema neno. Basi hakuna neno. Nikashusha pumzi. Sikumwomba Mkuu ruhusa tena.

Ikapita miezi saba.

Aliyenishtukia ni binti yangu, fundi cherehani, mtu ambaye macho yake ni futi. "Mama, sketi hii nimeibana kiunoni mara tatu, na mbele bado inakukataa. Unanificha nini?" Hakungoja jibu. Alinivuta kwa mkono mpaka hospitali kama mtoto mtoro.

Daktari alipapasa muda mrefu. Ile ndimu ilikuwa imekuwa chungwa, tena chungwa lenye ndugu.

"Hakuna mtu aliyewahi kuligusa hili?"

"Aliligusa muuguzi."

"Akasemaje?"

"Aliandika kichwa."

Daktari akamtazama binti yangu, kama anayemwuliza taratibu iwapo mama yake yuko sawa. Kisha akatueleza. Lingekatwa miezi saba nyuma, likiwa peke yake, ningepona. Sasa lilikuwa limeshafika kwenye ini. Kisu hakina kazi tena. Zimebaki dawa za kutuliza, na hizo hutolewa kila Alhamisi, dirisha la tatu.

Binti yangu alilia njia nzima. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu nyuma, wiki kwa wiki, na kila nikihesabu naangukia ile Jumanne.

Kazini nilirudi, kwa sababu nyumbani ningetazama ukuta. Na haukupita mwezi, Dada Saa akaja kuaga. Mtihani alishafaulu, safari ilikuwa Jumapili. Alikuja na kreti ya soda kwa ajili ya wenzake, nywele kasuka upya, nikakutana naye pale pale ngazini.

"Shikamoo, mama! Mbona umekonda hivyo?"

Sikuitikia. Niliweka ndoo chini.

"Jumanne ile uliponishika tumbo. Mkono wako ulisimama. Ulikuta nini?"

Kreti ikalia, chupa zikigongana.

"Mama..."

"Nimekuuliza ulikuta nini."

Akaketi kwenye ngazi, kreti mapajani. "Uvimbe," akasema. "Nilijua ni uvimbe. Nilijua hata ukubwa wake."

"Ukaandika kichwa."

"Zamu ilikuwa ya kichwa, mama. Sote tulijua. Na uvimbe kwa Kiingereza sikuwa najua unaitwaje. Nilitafuta, nikatafuta, sikulipata lile neno. Ningekuambia kwa Kiswahili ningekatwa alama, na zilikuwa zimebaki mbili tu za kukatwa."

"Haya. Na mlango ulipofunguliwa? Mimi nilikuwa hapa hapa. Uliniambia asante."

Chini, mafundi walikuwa wanajaza upepo.

"Nilikuwa nimefurahi, mama. Nilisahau."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Uongo ningeujibu, maneno nilikuwa nimeyapanga wiki tatu. Angalau angesema aliogopa.

"Hospitali wanasemaje?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mama, niambie, wamesemaje?"

"Wewe si muuguzi? Utakuwa umeshajua."

Akajifunika uso na mtandio. Nikamruka na ndoo yangu nikapanda.

Chumbani somo lilikuwa linaendelea. Mlango ulikuwa umefungwa, na ukiwa umefungwa mimi siingii bila kuitwa. Niliusukuma. Wanafunzi wapya walikuwa kwenye duara, mpira mkononi mwa mmoja wao. Meza mbili zilikuwa zimeunganishwa tayari. Juu yake amekaa mama muuza chai wa ng'ambo ya barabara, miguu inaning'inia, kadi mkononi, anatabasamu kwa aibu. Walikuwa wameshaniona nimechoka. Walikuwa wameshatafuta mwingine.

"Shuka, dada," nikamwambia.

Akashuka upesi, kadi ikaanguka. Nikapanda mimi. Nikalala. Nikafungua gauni upande ule, mbele ya watu wote, mimi ambaye hata mume hakuniona tumbo mchana.

Mwalimu Kadi akanijia na saa yake mkononi, akasema jambo kwa Kiingereza.

"Mwalimu, leo nisemeshe kama mtu. Hawa ni wauguzi, sivyo? Waje washike, mmoja mmoja. Leo hakuna kadi."

Wachache walicheka, kwa mazoea. Halafu mmoja aliyekuwa karibu akaona tumbo lilivyo na kicheko kikamfia. Akaweka mkono. Akauondoa akampisha mwenzake. Wakapanga foleni bila kuambiwa, vile vile watu wanavyopanga dirisha la tatu. Mikono baridi, mikono ya moto. Kumi na saba. Nilizihesabu pumzi zao zinavyokatika wanapofika pale. Mwalimu alibaki ameshika saa, inaendelea kwenda, dakika nne zikapita na nyingine nne.

Wa mwisho alikuwa kijana mrefu anayekaa nyuma, ambaye tangu aanze sijawahi kumsikia akijibu swali hata moja. Alipapasa taratibu, akanifunika gauni. Kisha akainama, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyosikika chumba kizima:

"Pole, mama. Kimekuanza lini?"

Hakuna aliyemkata alama. Akaendelea kuinama, anangoja. Miaka yote nimeulizwa juu ya meza ile, na aliyengoja jibu ni huyo.

Nikamwambia lini. Nilitaja siku, nikataja kadi, nikamtaja aliyeijaza ile fomu. Nilisema mpaka mwisho, na Mwalimu Kadi alikuwa wa kwanza kuangalia chini.