Mkanda wa Mzee Mudathir

Mzee Mudathir ana mkanda ambao kila mtu pale Kongowe ya Kibaha anaujua. Ni wa ile mikanda ya rangi ya machungwa ya kufungia mizigo kwenye malori. Ameukata akabakiza kipande kifupi, akatia ndoano kila upande. Ndoano moja hukaa kwenye mshipi wa suruali yake. Nyingine hukaa mgongoni kwa mjukuu wake Firdausi, kwenye fulana ya turubai aliyoishona mwenyewe kwa uzi wa viti vya gari.

"Baba, unamfunga mtoto kama mbuzi," mwanawe Zawadi, mama yake Firdausi, hakuchoka kumwambia.

"Mbuzi hafungwi hivi. Hivi hufungwa tela."

Hapo mtu mwenye akili huondoka, maana kinachofuata ni hadithi ya tela. Mzee ni fundi wa breki za upepo, gereji yake iko kando ya barabara kuu, na aliwahi kuona kwa macho yake tela likiachana na kichwa chake. Kichwa kilikwenda zake Chalinze. Tela likakata kushoto, likaingia kwenye mgahawa wa mama lishe bila kubisha hodi, likasimama mbele ya sufuria la maharage kama mteja. Hakuumia mtu. Tangu siku hiyo Mzee Mudathir haamini kitu kilichoshikwa mara moja tu. Pini lazima iwe na mnyororo wa akiba, kwa sababu chuma huchoka bila kuaga. Na mtoto wa miaka miwili, anasema, huchoka kukaa mahali pamoja upesi kuliko chuma.

Jambo la pili analoliamini ni kwamba gari alilotengeneza yeye halirudi. Likirudi, amelirudisha dereva. Katika miaka yote ya gereji hajawahi kukiri kosa, na mafundi wenzake wamekwisha kuacha kumsubiri.

Mkanda ulizaliwa baada ya Idi. Zawadi anafanya kazi Dar, huondoka alfajiri na kurudi jioni, na Firdausi hushinda gereji na babu yake. Siku ya Idi babu alimpeleka uwanjani, akageuka kumsalimia rafiki, alipogeuka tena mkono wake ulikuwa umeshika puto peke yake. Firdausi alikutwa chini ya meza ya muuza kashata, amenenepa mashavu yote mawili. Zawadi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mama mkwe wake wa Dutumi amekuwa akimwomba mtoto siku nyingi.

Kisha ukaja mwaliko wa Kurui, kwenye ngoma ya kumtoa mwali, binti wa mpwa wake Mzee Mudathir.

"Kurui kutakuwa na watu wengi, Baba," Zawadi alisema. "Mimi nitakuwa jikoni, mtoto utakaa naye wewe. Ukinirudishia jioni, Jumatatu anabaki gereji. Ukimpoteza tena, Jumatatu hiyo hiyo anakwenda Dutumi."

"Nimpoteze vipi, na mkanda huu?"

Tulisafiri kwa lori la Silvanus, dereva wa pale Kongowe, sisi jamaa zake pamoja na viti, masufuria na shangazi wa kutosha. Tulipopita Kisarawe mjini lori likaanza kutoa sauti ya ssss. Shangazi mmoja akapandisha miguu juu ya gunia la mchele akiuliza nani amepakia nyoka. Mzee Mudathir akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyekutana na adui anayemjua.

"Huo ni upepo unavuja. Silvanus, endesha. Tutafika."

Tulifika kweli. Silvanus akaegesha mbele kabisa ya nyumba ya mwali, ili viti vishushwe karibu. Upepo ulipokwisha kwenye matangi, lori likajifunga breki na kukataa kusogea, likiwa limeziba njia ambayo mwali angepitishwa, amebebwa begani na mjomba wake, ngoma ikimtangulia.

"Mzee, wanawake wananiangalia vibaya," Silvanus alisema. "Kwa nini halisogei?"

"Kwa sababu lina adabu. Kwenye lori kama hili upepo ndio unaoachia breki. Upepo ukiisha, springi inabana magurudumu yenyewe. Nipe kipande cha tyubu."

Ili aingie chini ilibidi kwanza aachane na Firdausi. Alivua miwani akaitia mfukoni, akatoa ndoano kwenye mshipi wake, akaitia kwenye pete ya chuma nyuma ya lori. Akampa mtoto hindi la kuchoma.

"Kaa hapo. Babu anakuja."

Firdausi akakaa kivulini, akala. Babu akalala chali, akajivuta hadi katikati ya lori. Aliliona tundu kwenye mpira unaopitisha upepo, akalizungushia kipande cha tyubu. Kwa kawaida hufunga mara mbili, akawasha injini, akangoja aone kama panashika. Lakini ngoma zilikuwa zimekwisha kupamba moto na shangazi wanamwita kwa majina yasiyo yake. Akafunga mara moja. Akatokea upande wa mbele.

Hapo ndipo alipokutana na Biasha, mke wa jirani, akiwa na mtoto mkononi na haraka usoni.

"Shikamoo mjomba. Chukua mtoto wako huyu, anazurura kwenye miguu ya wapiga ngoma."

"Marahaba. Amejifungua! Mtundu huyu, amejifungua ndoano, na fulana kaivua!"

Sasa, watoto wote wa shughuli ile walikuwa wamevaa sare ya kitenge kimoja cha kijani, na shangazi walikuwa wamewapaka poda usoni mpaka wakafanana na maandazi. Miwani ilikuwa bado mfukoni. Mzee akafungua mshipi wake, akamfunga mtoto kiunoni, akaushika kwa mikono miwili ili asirudie kosa, suruali ikining'inia kwa huruma ya Mungu tu. Akampigia kelele Silvanus:

"Limepona! Washa, jaza upepo, lisogeze!"

Silvanus akawasha. Mzee akajitosa kwenye umati akitembea kifua mbele, mtoto mbele yake. Alimfuata Zawadi mpaka jikoni ili aonekane.

"Umeona? Watu wote hawa, na mtoto huyu hapa."

Zawadi aliacha kugeuza pilau. Akachukua ncha ya kanga, akamfuta mtoto poda.

"Baba. Huyu ni Ashrafu, mtoto wa Biasha. Firdausi yuko wapi?"

Ilimchukua mzee muda mfupi kukumbuka alipoitia ile ndoano. Kisha tukasikia injini ya lori ikinguruma kwa nguvu.

Sijawahi kuona mzee wa umri ule akikimbia, mkono mmoja umeshika suruali, mwingine umembeba Ashrafu, ambaye alikuwa akicheka kwa kila mruko. Zawadi alimpita njiani na mwiko wake. "Silvanus, zima! Zima!" Lakini ngoma ilikuwa inalia, na Silvanus alikuwa amekwisha kutia gea.

Pyuuuu!

Kile kipande cha tyubu kiliruka. Upepo wote uliokuwa umejaa kwenye matangi ukatoka mara moja, vumbi likapanda, kuku wakatawanyika, na lori likatikisika likakaa pale pale, magurudumu yamebanwa. Vumbi liliposhuka tulimwona Firdausi nyuma ya lori, bado amefungwa kwenye pete, mweupe kuanzia unywele hadi kidole, hindi mkononi.

"Tena!" alisema.

Zawadi alimfungua, akamkumbatia, akamgeukia baba yake. Wapiga ngoma walikuwa wamenyamaza, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana sasa kila mtu alisikia.

"Mimi mzee aliniambia limepona," Silvanus alijitetea. "Kaniambia lisogeze."

"Nilijua halitasogea," alisema Mzee Mudathir upesi. "Mtoto hakuwa na hatari yoyote."

"Kwa hiyo ulinidanganya kwamba limepona?"

"Nilikudanganya vipi? Lilipona."

"Kama lilipona," alisema Zawadi taratibu, "lingeondoka na mwanangu. Chagua, Baba."

Shangazi wa nyoka akasema, "Labda lilipona kidogo," na watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alivaa miwani. Alimtazama Silvanus, akatazama wateja wake wawili wa Kongowe waliokuwa wamesimama pale na sahani, akamtazama Firdausi.

"Halikupona," alisema. "Nilifunga haraka haraka wala sikujaribu. Na mtoto nilimsahau. Kosa ni langu, yote mawili."

Biasha alikuja akachukua mtoto wake. Zawadi alimfuta Firdausi vumbi usoni.

"Ungeng'ang'ania kwamba limepona," alisema, "angekwenda Dutumi. Mtu anayesema kosa lake, nitamwamini. Lakini ukiingia chini ya gari, mkanda anaushika mtu mwenye macho. Siyo gari."

Mwali hakungoja lori. Mjomba wake alimbeba begani akamzungusha kwenye shamba la mihogo, ngoma mbele, sisi nyuma, na mwenye shamba akacheza pamoja nasi kwa sababu hakuwa na la kufanya. Mzee Mudathir alirudi chini ya lori, akafunga mara mbili, akajaribu. Mkanda aliushika Zawadi mwenyewe.

Jumatatu jioni nilikuwa na Zawadi aliporudi kutoka Dar na kupitia gereji. Chini ya lori la mchanga ilionekana miguu ya mzee. Ndoano ilikuwa kwenye kamba ya kiatu chake, na mwisho wa pili wa mkanda alikuwa ameushika Firdausi, amekaa juu ya tairi, macho hayabanduki.

Zawadi akainama ili aitoe ile ndoano.

"Mama, acha," alisema Firdausi. "Babu atapotea."