Chupa Niliyoifuta Ikang'aa

Asubuhi moja ya Novemba 1997, jirani yangu aliingia chumbani kwangu bila hodi, akanipokonya chupa mkononi, akaitumbukiza kwenye beseni nililolowekea nguo zangu za kazini.

Mtoto wangu alikuwa kitandani anakata pumzi.

Na chupa ile ndiyo iliyokuwa ya kumpa dawa.

Haki ya Mungu nilitaka kumpiga yule mama. Mimi, ambaye hata mbu nikimkosa namwomba radhi.

Hebu kaeni vizuri niwape tangu mwanzo.

Naitwa Kenneth. Mtaani waliniita Baba Mbeyu. Nilikuwa na diploma ya umekanika, kazi ya kutengeneza jenereta karakana moja ya Makupa, mke mmoja, mtoto mmoja, na mdomo usio na breki.

Miezi mitatu nyuma tulikuwa tumehamia chumba cha juu, kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu. Nyumba ya kale, kuta nene za mawe, chokaa inabanduka, na unyevu wa kuotesha uyoga ndani ya kiatu.

Mbeyu, binti yangu, alikuwa na miaka sita, na pumu.

Kama hujaiona pumu ya mtoto, shukuru. Kifua kinapiga filimbi. Shingo inabonyea kila akivuta hewa. Nawe umesimama pale, baba mzima, hujui ushike wapi.

Dawa ipo, ile pampu ndogo ya kupuliza mdomoni. Lakini mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, dawa yote inaishia ulimini. Chombo cha kumsaidia kiliuzwa dukani, ila bei yake ilikuwa ya watu wengine, si sisi.

Basi kina mama wa kliniki ya watoto pale hospitali wakajitengenezea chao.

Waliokota chupa za plastiki za maji wanazotupa watalii pale Ngomeni. Wakazitoboa kitako kwa waya wa moto, tundu lenye umbo la mdomo wa pampu. Mama anabonyeza pampu huku nyuma, dawa inatulia ndani ya chupa, mtoto anaivuta pole pole pale pa kunywea.

Kila Alhamisi walikaa benchi moja nje ya kliniki, kila mtu na chupa yake. Fundi cherehani wa Ganjoni alileta kipande cha tyubu ya baiskeli, kizibe tundu hewa isivuje. Mwingine akagundua ukimhesabia mtoto pumzi tano kwa kuimba, habishi. Ukiwa na jipya lako, unalileta benchi, wenzako wanalijaribu. Likifaa, Bi Mwanakuu, mkubwa wao, analiandika kwenye daftari, na jina lako chini.

Hakuna aliyewatuma. Daktari mwenyewe alikuwa akija kuchungulia.

Mke wangu Kadzo alikuwa wa benchi hilo. Mimi nilimsindikiza mara moja tu.

"Bi Mwanakuu, hii ni kliniki ama kiwanda?"

"Kiwanda, mwanangu. Kaa upewe kazi."

"Mimi nina diploma ya mashine, mama."

"Benchi hili halijui diploma, Baba Mbeyu. Lajua makalio tu. Kaa!"

Wakaangua kicheko. Wote, isipokuwa mmoja.

Mwisho wa benchi alikuwa jirani yetu wa chini, Mama Sufyan. Buibui safi, kimya, chupa mkononi. Mtoto hakuja naye.

Tuliporudi nyumbani nikamwambia Kadzo, "Yule mama anakuja kliniki kama mtu wa kuvamia harusi. Mgonjwa wake yuko wapi?"

Kadzo alinitazama vibaya. "Funga mdomo, Baba Mbeyu."

Nikafunga, sikuuliza. Moyoni nikajipa jibu: Sufyan ni kijana mkubwa, yuko Uarabuni, kama vijana wengi wa pale mtaani.

Kisha ikaja El Nino.

Mvua ile mnaikumbuka. Kadzo alikuwa ameenda Kaloleni kumuuguza mamake, barabara ikakatika, akabaki huko. Neno lake la mwisho mlangoni lilikuwa, "Pampu iko kabatini. Na chupa usiichezee."

Sasa mwambie mekanika asichezee kitu.

Niliitazama ile chupa ya Kadzo. Imefubaa. Ndani ina ukungu mweupe na alama za matone, kama haijawahi kuona kitambaa. Nikasema, mwanangu mimi anyonye hiki?

Nikaitupa.

Nikachukua chupa mpya, nikaenda nayo karakana. Nikaitoboa kwa mashine, nikapiga msasa kingo zake. Na kila jioni niliiosha, nikazungushia flana kwenye kijiti, nikaifuta ndani mpaka ing'are kama glasi ya hoteli.

Alhamisi ikapita, sikwenda benchi. Nikasome daftari la kina mama, mimi?

Jumanne Mbeyu akaanza kukohoa. Jumatano, kumepambazuka tu, filimbi ikaanza.

Nikachomeka pampu. Nikabonyeza. "Vuta, mamangu."

Akavuta. Hakuna kitu.

Nikabonyeza tena. Hakuna.

Nikadhani chupa ina uchafu. Nikachukua flana yangu, nikaifuta tena. Kwa nguvu.

Nikabonyeza. Hakuna.

Nikakimbilia dirishani, nikapiga kelele nipate gari. Gari gani? Kichochoro kilikuwa mto, ndala za watu zinaelea. Nikageuka. Kucha za mwanangu zimekuwa buluu. Midomo nayo. Akafungua kinywa kusema "baba", sauti haikutoka.

Halafu ile filimbi ikanyamaza.

Mimi mjinga nikadhani amepata nafuu. Kumbe hewa ilikuwa haipiti tena hata ya kupigia filimbi.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa kishindo. Mama Sufyan, kanga imelowa, miguu mitupu. Akaiona chupa inavyong'aa mkononi mwangu.

"Umeifuta?"

"Nini?"

"Chupa! Umeifuta na kitambaa?"

"Mama, mtoto anakufa, wewe unaniuliza habari za..."

Hakungoja. Akaninyang'anya chupa, akaizamisha kwenye beseni la nguo, akaivurugavuruga ndani ya povu. Akaitoa, akaikung'uta kwa nguvu, mara tatu, mara nne, maji yakaniruka usoni.

Mimi, kwa mazoea, nikamnyooshea flana.

Akaitupa dirishani.

"Hebu toka! Mshike mgongo, mkalishe!"

Akachomeka pampu, akabonyeza, akamwinamia Mbeyu kwa sauti ya taratibu kabisa, utadhani tumekaa barazani.

"Mbeyu, mwanangu, vuta kama wanusa pilau. Moja... mbili... vuta, mama... tatu..."

Pumzi tano. Akabonyeza tena. Pumzi tano. Tena. Mimi nilikuwa nimeshika mgongo wa mwanangu, nahesabu mifupa, naahidi Mungu vitu ambavyo hata sina.

Kisha kifua kikapiga filimbi.

Sijapata kufurahia sauti mbaya kama ile maishani mwangu.

"Sasa mbebe," akasema. "Hospitali. Twende!"

Nikambeba mgongoni, maji magotini. Mama Sufyan mbele, chupa ameiinua juu ya kichwa isipate mvua. Kila kona anatusimamisha, anabonyeza, anahesabu, tunaendelea.

Wakamwekea oksijeni. Kufikia adhuhuri Mbeyu alikuwa anaulizia viazi karai.

Tukakaa koridoni.

"Mama Sufyan, kwa nini beseni?"

"Ukiifuta kavu, chupa yaivuta dawa. Yaganda ukutani mwake, haimfikii mtoto. Kama kitana ukikisugua, chavuta vipande vya karatasi. Yaoshwa kwa sabuni, yaachwa ijikaukie. Haifutwi."

Nikashika kichwa. Umeme tuli! Nilisoma mwaka wa kwanza. Nilipata A.

"Nani alikufundisha?"

"Imeandikwa kwenye daftari," akasema, akatazama pembeni.

Nami nikatoa utani wangu. "Sufyan akirudi kutoka Uarabuni, mama, namchinjia jogoo. Kwa mkono wangu."

Akatabasamu kidogo.

"Tutaonana naye, inshallah."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mbeyu alikuwa amelala wodini, nesi akaniambia nikanyooshe miguu. Miguu ikanipeleka benchi.

"Bi Mwanakuu, nipe daftari."

Hakunitania. Akanipa.

Ukurasa wa tatu, mwandiko wa kulala:

*Usiifute chupa kwa kitambaa. Ioshe kwa sabuni, iache ijikaukie. Ya mwanangu nilikuwa nikiifuta kila siku, ing'are. Mama Sufyan, Machi 1995.*

Nilisoma mara mbili.

"Sufyan yuko wapi?" nikauliza.

"Makaburini," akasema Bi Mwanakuu kwa sauti ya chini. "Alikuwa na miaka saba. Daktari hakusema ni kitambaa, wala hakuna ajuaye. Lakini arubaini ilipokwisha, mamake alikuja hapa na chupa mbili. Moja ameifuta, moja hakuifuta. Akazipulizia dawa mbele yetu. Katika ile isiyofutwa ule ukungu wa dawa ulikaa. Katika iliyofutwa ulipotea papo hapo. Akaomba kalamu."

Akanielekeza kwa kidevu mwisho wa benchi.

"Toka siku hiyo hajakosa Alhamisi."

Nikatazama mwisho wa benchi. Mama Sufyan alikuwa ameshika mkono wa mama mmoja mgeni, anamwonyesha jinsi ya kukung'uta.

Na mimi ndiye niliyeuliza mgonjwa wake yuko wapi.

Nikakaa. Makalio yangu yakajuana na benchi hatimaye. Nikaomba kalamu, nikaandika chini ya maneno yake:

*Nami niliifuta, kwa kuwa sikusoma. Mtoto alinusurika. Baba Mbeyu.*

Bi Mwanakuu akachungulia.

"Ongeza na diploma," akasema. "Wenzako wapate kusoma."

Nikaongeza.

Ndugu zangu, chombo kilichotengenezwa na wenye shida yenyewe usikidharau kwa kuwa haking'ai. Kila doa lililoachwa pale, kuna mtu aliyelilipia. Kabla ya kurekebisha, uliza kwanza kwa nini kiko hivyo.

Na ukimkuta mtu amekaa mahali ambapo huoni kilichomleta, usimfanyie mzaha.

Msogelee tu. Kaa naye benchi.