Kidonda cha Namba Kumi na Tatu

Nianze na ujinga wenyewe, ju nikiuficha, maman yangu atausimulia yeye, na yeye anaongezaka chumvi: nilimuchorea kidonda mutu ambaye sijawahi kumuona.

Sikuchora juu ya mwili wake. Nilichora juu ya plastiki, na markeri nyekundu, nimekaa mu salon ya nyumba yetu, mutaa wa Kasha, saa tisa mchana, ndizi iko mu mukono mwingine. Nilikipa umbo la ziwa letu, na kisiwa katikati. Nilicheka peke yangu mpaka ndizi ikanipita vibaya.

Sasa nieleze ile plastiki ilitoka wapi.

Tonton, mudogo wa maman, anaishi kwetu. Anamaliza masomo ya famasi kwenye chuo kikuu, na kazi yake ya mwisho ni kujua kama majani ya mubirizi, yale machungu ambayo kila bibi wa huku anakusugulia ukianguka, yanafunga kidonda kweli, ama ni mabibi tu wanapenda kutusikia tukilia. Majani aliyakausha chini ya kitanda changu, kwenye kivuli, ju anasema jua linaharibu dawa. Miezi mingi nilikuwa nafanya devoirs zangu za shule juu ya kitanda na kusikia yanajikunja huko chini: ki, ki, ki, kama mutu anafungua bahasha polepole ili asisikike. Nilikuwa nayaambia: "Ingieni tu, mulango hauna funguo." Yananyamaza. Kisha: ki.

Yakikauka anayatwanga, analoweka mu alkoli, anachuja, anaacha alkoli iende zake. Kunabaki kitu cheusi-kijani kinachonata. Siku moja alinipeleka mu laboratwari. Alidondosha tone moja la ile kitu kwenye ncha ya chini ya kibamba cheupe, akakisimamisha mu chupa yenye kimiminiko kidogo. Tone likaanza kupanda lenyewe. Likapanda, likajigawa: manjano huku, kijani pale, na juu kabisa mustari mwembamba wa zambarau ambao hakuna jani nimewahi kuona nao.

"Unaona?" tonton akasema. "Jani ni moja, lakini ndani kuna vitu vingi. Kazi ni kujua ni gani inafunga kidonda."

"Na ile zambarau ni nini?"

"Ile sijui bado."

Alisema vile akiiangalia, na sikupenda namna aliiangalia.

Wagonjwa wa kujaribia dawa yake walikuwa Luhwindja, kule mulimani kwa wachimbaji wa zahabu, ju kule vidonda havikosekanake. Muuguzi mumoja wa kituo kidogo cha afya alikubali kumusaidia. Nusu ya wagonjwa wanapakwa pomadi ya mubirizi, nusu wanafungwa bandeji ya kawaida. Kila siku ya kwanza ya juma, muuguzi analaza plastiki safi juu ya kidonda, anafuata ukingo wake na markeri, anaandika namba ya mugonjwa, anapangusa, anatia yote mu bahasha. Bahasha inashuka na gari ya abiria, inafika kwetu siku ya tatu. Tonton analaza kila plastiki juu ya karatasi ya vijumba vidogo na kuhesabu: kidonda kimekula vijumba ngapi. Vikipungua, mutu anapona.

Lakini mbele ya kuhesabu, alizibandika kwenye dirisha la salon, zote, kwa musururu, ili azilinganishe. Ni dirisha lenye linaangalia machweo. Na chini yake njo kuna mashini ya maman ya kushona.

Hapo njo mambo ya ajabu. Saa kumi jua likishuka, vidonda vinatoka kwenye kioo na kuingia mu nyumba. Vinatembea polepole juu ya ukuta, juu ya kalenda ya parokia, juu ya kitambaa cha sofa. Vidonda vya watu ambao hatuwajui, vinapita kama wageni wanatafuta mahali pa kukaa. Siku moja niliona namba saba imetua kwenye shingo ya maman, palepale ambapo tape yake ya kupimia inaning'inia, na yeye anashona tu, mashini inalia, hajui.

"Maman, uko na kidonda ku shingo."

"Na weye uko nacho ku ubongo. Leta uzi mweusi."

Miye ni mutu wa mizaha, kila mwalimu wa shule yetu anajua, na prefe, mukubwa wa shule, anajua zaidi. Naona nafasi tupu, siwezi kuiacha. Na kwenye dirisha kulikuwa nafasi tupu moja: namba kumi na tatu. Juma la kwanza kidonda chake kilikuja, kidogo kama haragi. Juma la pili, hakuna. Tonton alikuwa na sheria yake: mugonjwa akikosa majuma mawili, anamupigia muuguzi simu, na muuguzi anapanda mulima kumutafuta. Hiyo sheria niliisikia na masikio yangu. Sitasema sikuisikia.

Plastiki ilikuwa ile ile tunafunikia kaye, daftari zetu za shule. Markeri ilikuwa juu ya meza. Bahasha ya lile juma la pili ilikuwa wazi, tonton bado hajamaliza kuibandika. Nikachora ziwa, nikaandika 13, nikaingiza. Nilifikiri tonton atacheka, atanifukuza na kiatu, basi.

Hakucheka. Alihesabu vijumba vyangu kimoja kimoja, akaandika.

"Huyu kidonda chake kimepanuka," akasema polepole. "Lakini bado anakujaka. Ni vizuri."

Hapo nilipaswa kufungua kinywa. Nilikifungua, nikaingiza ndizi.

Juma lililofuata niliogopa kwamba namba kumi na tatu akipotea, tonton atauliza. Kwa hiyo nikamuchora tena, kubwa zaidi. Sijui kwa nini kubwa zaidi. Wengine wote walikuwa wanapungua, na mukono wangu haukutaka kupunguza. Juma jingine pia, ikawa mara ya tatu, mpaka ziwa likakaribia kujaza plastiki yote, na kile kisiwa kidogo katikati, ju bila kisiwa lisingekuwa ziwa letu.

Jioni ya mara ile ya tatu nilikuwa nimelala kwenye sofa, suruali fupi ya shule. Kivuli cha ziwa kikashuka ukuta, kikapita mukono wa sofa, kikaja kukaa kwenye muguu wangu wa kushoto, kwenye mufupa wa mbele. Kikatosha pale kama soksi. Na pakaanza kuwasha. Nikajikuna, pakazidi. Nikavuta muguu, na naapa, kwa muda wa pumzi moja niliona kama kivuli kimechelewa kuutoka.

Maman alikuwa amesimamisha mashini. Alikuwa haniangalii miye, anaangalia kioo.

Mujue kwamba maman ni mushonaji miaka mingi. Mistari ya chaki, mistari ya kalamu, patron za karatasi za kukatia nguo, zote zinapita mu macho yake. Akasimama, akaigusa ile plastiki na kidole, akafuata mustari wangu kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Huyu mutu hapumui," akasema.

Tonton akamuinulia dada yake kichwa. "Unasema nini, yaya?"

"Angalia wengine. Namba tano, namba saba. Mustari unatetemeka. Mutu anaumia, anajivuta, damu inapiga chini ya plastiki, mukono wa muuguzi unapanda na kushuka. Huyu mustari wake umenyooka. Huyu hakuumia wakati wanamuchora. Hakupumua hata."

Tonton akabadilika rangi. Akashika simu palepale. Miye nilikuwa nasikia sauti ya muuguzi inatoka, ndogo na ya mbali, yenye upepo ndani.

"Kumi na tatu? Ule kijana wa muguu? Sijamuona tangu siku ya kwanza. Nilingoja munipigie kama tulivyopatana, niende kumutafuta. Hamukupiga, nikajua amerudi kwao."

"Lakini niko na plastiki zake. Tatu, mbali na ile ya kwanza."

Kisha muuguzi akauliza, taratibu sana: "Nani alikutumia?"

Maman akanigeukia. Alikuwa ameshajua: mustari wangu, ninapoufunga duara, naachaka kamukia kadogo, na ni miye nachoraka patron zake kila jumamosi, siku ya posho. Nikasema yote. Sauti yangu ilikuwa kama ya mutoto wa primaire. Tonton hakunipiga na kiatu. Angenipiga, ningepona. Aliketi tu na kusema: "Majuma matatu. Alikuwa peke yake majuma matatu, na miye nahesabu vijumba."

Muuguzi alipanda mulima kesho yake asubuhi. Alimukuta mu kibanda cha shiti, yale maturubali, juu ya mashimo, na homa, muguu umefungwa na kipande cha mufuko wa muchele. Jiwe lilimuangukia, alikuja mara moja tu kwenye kituo, kisha wenzake wakamuambia kituo kitamukata muguu, akajificha. Siku ya pili gari ilimushusha mpaka mujini, kwenye hospitali.

Maman alisema tutaenda, na neno "tutaenda" lilikuwa na miye ndani. Aliingiza kitu mu sakoshi yake, sikuona nini.

Namba kumi na tatu alikuwa kijana tu. Pengine ananizidi miaka miwili. Muguu wa kushoto, mufupa wa mbele. Walipofungua bandeji nilitaka kuangalia ukuta, maman akanishika kidevu na vidole viwili na kunigeuza. Harufu siielezi. Tonton alilaza plastiki safi, akachora, na kijana akauma shuka, na mustari ukatetemeka, kweli, vile maman alisema.

Kisha maman akafungua sakoshi na kutoa ziwa langu la tatu. Akalilaza juu ya mustari wa tonton.

Muniulize mara mia, nitasema vile vile: yaliingiana. Ghuba kwa ghuba. Pale niliponyoosha ju ndizi ilikuwa inadondoka, paliingiana. Tofauti ilikuwa kutetemeka tu. Tonton alikamata plastiki mbili juu ya dirisha la hospitali, akazigeuza, akazirudisha, na sikio lake lilikuwa jekundu.

"Ni bahati," akasema. "Vidonda vya mahali pale vinafananaka."

"Na hiyo?" maman akauliza, kidole chake juu ya kisiwa.

Katikati ya ule wekundu wote wa muguu kulikuwa kitu kidogo, cha pinki iliyofifia, kama ukucha wa mutoto muchanga. Tonton akainama karibu sana. Hapo sauti yake ikabadilika kidogo.

"Hii ni ngozi. Mara nyingine muzizi wa unywele unabaki muzima chini, na ngozi inaanza upya katikati, peke yake. Ni alama nzuri. Hatukuiona mbele ya leo."

"Tuliiona," maman akasema. "Ilikuwa kwenye dirisha letu."

Daktari hakuwa mutu wa maneno mengi. Alisema watasafisha, watamupa dawa za kuingiza mu mushipa, watangoja siku saba. Kidonda kikipanuka, wanakata chini ya goti. Alisema vile mbele ya kijana, na kijana akafumba macho. Alipoyafungua, yalikuwa juu yangu.

"Eti ni weye ulinichora?"

Nikaitika na kichwa.

"Sasa, ndugu yangu, si ungenichora na bote mupya ya kuvalia shimoni?"

Sijawahi kushindwa na muzaha mu maisha yangu. Siku ile nilishindwa.

Nawaambia sasa hivi ili musinisome na roho juu: muguu haukukatwa. Tonton anasema ni usafi na dawa za mushipa, na kumbe kijana alikuwa mu kundi la bandeji ya kawaida, mubirizi haukumugusa hata. Tonton alikwenda kumuambia profesa wake ukweli wote, plastiki zangu zikatupwa nje ya hesabu, na kazi yake imechelewa mwaka muzima. Ananisalimia tena, lakini majani ameyahamisha kutoka chini ya kitanda changu. Bado nayasikia. Ki, ki. Nimeinama mara nyingi kuangalia. Hakuna kitu pale, saruji tu.

Lakini siku ile ya hospitali hakuna aliyejua lolote. Tulirudi nyumbani. Tulipoingia ilikuwa saa kumi, vidonda vilikuwa tayari vimetoka kwenye kioo na vinatembea ukutani, na katikati yao ile nafasi tupu ya kumi na tatu, muangaza mutupu. Nilitaka kupita haraka niende chumbani. Maman alivuta kiti chake cha mashini, kile kile, akanikalisha kwa mabega. Akaweka mbele yangu plastiki safi na ile markeri nyekundu. Akatoa kofia ya markeri yeye mwenyewe. Halafu akasema:

"Ulimuchora akiumia, sasa umuchore akipona. Kila siku, kidogo kidogo, mpaka kisiwa kiguse ng'ambo zote. Na mara hii, weye mutoto, upumue."