Ukuta wa Dhanpati

Katika kijiji kizima cha Nayaheri, ukuta mmoja tu haukuwa na samadi. Kuta nyingine zote zilibandikwa mikate ya samadi ya nyati wa kufugwa, ikikauka juani ikingojea kuwa kuni za meko. Ukuta wa mjane Dhanpati ulikuwa msafi kama paji la uso la bwana harusi, na katikati, kwa rangi ya buluu, uliandikwa: MAZIWA YA BINGWA JAGMER YANATOKA HAPA.

Aliyeyaandika maneno hayo alilipwa kwa samli. Siku hiyo hakuna aliyecheka, maana Jagmer alikuwa ndiyo kwanza amerudi na medali ya mieleka kutoka nchi ambayo hakuna mtu kijijini aliyeweza kutamka jina lake, na Nayaheri nzima ilikuwa imegundua kwamba ilimlea. Mwenyekiti Hoshiar alitangaza kwamba shingo ile ilijengwa kwa samli yake. Fundi cherehani alikumbuka lozi alizomgawia. Hata Surte, bakhili ambaye ombaomba humkwepa ili asije yeye akawaomba, aliapa kwamba mapaja ya bingwa ni dengu zake tupu. Ukiamini madai yote hayo, kijana alikuwa akila mchana kutwa, na sijui mieleka alijifunza saa ngapi.

Dhanpati alitia chumvi kidogo kuliko wenzake. Jagmer kweli alikunywa maziwa yake. Alikuwa mtoto wa jirani, mwembamba, akija na bakuli lake, akinywa wima karibu na nyati, kisha akilala palepale kwenye majani na sharubu nyeupe mdomoni. Dhanpati, ambaye hakujaliwa mtoto, alikuwa akimfuta kwa ncha ya mtandio. Halafu kambi ya mieleka ya mjini ikamchukua, na hakurudi tena na bakuli. Lakini ukuta ni ukuta. Kila mwenye mtoto goigoi alitaka maziwa ya Kajri, nyati yule mweusi mwenye pembe zilizojikunja, na mjane akala, akavaa, akalipia paa.

Ndipo mkojo wa bingwa ulipopimwa, ukakutwa na dawa ya kuongeza nguvu.

Nayaheri ilipokea habari hizo kwa utulivu wake wa kawaida: ilifunga barabara kuu kwa matrekta. Asubuhi ilikuwa njama ya Delhi. Mchana ilikuwa chupa zimebadilishwa. Jioni wakachoma sanamu ya daktari wa maabara, na kwa kuwa hakuna aliyemjua sura, waliivika miwani. Jagmer naye akaenda mahakamani kusafisha jina lake, na wakili wake, bwana Sabharwal, akaja kijijini na gari jeupe kutafuta ushahidi.

"Utetezi wetu ni mmoja tu," aliwaambia wazee barazani, kiko cha maji kikizunguka. "Dawa iliingia kwenye chakula bila yeye kujua. Sasa niambieni, nani alikuwa akimlisha?"

Kiko kikaacha kuguruma.

"Mwenyekiti, si ulisema samli?"

"Samli? Mimi? Nina sukari, bwana wakili. Samli naiona kwa majirani."

"Na wewe, mzee Surte? Dengu?"

"Waulize hawa kama nimewahi kumpa mtu kitu!" alisema Surte, na kwa mara ya kwanza maishani mwake wote wakamuunga mkono.

Kisha macho yakageuka, moja baada ya jingine, kuelekea ukuta wa buluu.

Dhanpati alipoitwa, alisimama pembeni, mtandio umeshushwa usoni kama ilivyompasa mjane mbele ya mashemeji, yaani wanaume wa kijiji cha marehemu mumewe.

"Mama," wakili akasema kwa upole wa kuogofya, "nyati wako aliumwa majira ya baridi, akachomwa sindano. Jagmer alikunywa maziwa yake. Sivyo?"

"Kajri hajaumwa. Na majira ya baridi Jagmer hakufika kwangu."

"Kijijini alikuja?"

"Alipita na gari."

"Basi alikuja."

"Shemeji, usitutie aibu," Hoshiar akadakia. "Neno moja tu! Mtoto wetu atafungiwa miaka minne. Wewe utapoteza nini?"

"Wateja, shemeji. Nitakula nini?"

"Sisi si ndio wateja? Nani atakuacha hapa?"

Alikataa, akaenda kumkamua nyati wake. Usiku simu ya jirani ikaletwa mlangoni. "Mama mkubwa," ilisema sauti nzito, "ni mimi." Hakuwa amemwita hivyo tangu enzi za bakuli. Dhanpati alilia hadi akashindwa kuaga, na mahakamani Delhi akasema kila alichofundishwa.

Jagmer akashinda. Mbele ya kamera, medali kifuani, aliwaasa vijana wa taifa wajihadhari na maziwa machafu ya vijijini. Wateja wa Dhanpati, raia watiifu, wakamsikiliza bingwa wao. Wa kwanza kuacha alikuwa Hoshiar, tena kwa huzuni kubwa, akieleza kwamba ana wajukuu.

Wiki hiyohiyo wakampokea shujaa kwa ngoma na matrekta. Samli ya mwenyekiti ilikuwa imepona maradhi yake yote, ikabebwa mbele kwenye debe linalong'aa, na fundi cherehani alirusha lozi. Desturi inataka mwanamieleka anayerudi na ushindi anywe kwanza maziwa ya nyumba iliyomlea. Dhanpati akatoka na bilauri ya shaba, akasimama mbele ya ukuta wake. Gari likasimama. Jagmer akainama kutoka juu, mashada ya maua yakimfika masikioni.

"Mama mkubwa, nisamehe," alisema kwa huruma ya kweli kabisa. "Daktari amenikataza. Wewe mwenyewe unajua maziwa yako yalivyonifanya."

Dhanpati alimtazama kupitia mtandio. Alitafuta usoni mwake dalili ya mzaha au ya haya, hakuiona. Mtoto alikuwa ameyaamini maneno yale ya mahakamani.

"Maziwa haya," alisema kwa sauti iliyofika hadi nyuma ya msafara, "mara ya mwisho kuyanywa ulikuwa bado una meno ya utoto."

Mtu akapiga ngoma haraka, kwa nguvu, na gari likaondoka.

Dhanpati alifunua uso barabarani, mbele ya mashemeji wote, akainywa bilauri hadi tone la mwisho. Hakujifuta mdomo. Alikwenda zizini, akarudi na karai la samadi mbichi ya Kajri, akaanza kubandika ukutani mkate mmoja mmoja kwa kiganja, akianzia kwenye jina la bingwa.

Ilikauka upesi. Ukuta ule hupata jua tangu asubuhi.