Nilipanua barza ya Mama, mtaa ukaja kumlilia akiwa hai

Wakuu, ilikuwa Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, niliposikia wanawake wakilia langoni kwangu hapa Lubumbashi. Nasimulia yaliyotokea bila chumvi. Atakayebisha, picha ya sakafu ninayo.

Nianze na ujenzi.

Naishi na mama yangu, mzaliwa wa Mitwaba. Nyonga ilimsumbua tangu mvua zianze, akawa hatoki chumbani, na chakula anakionja tu. Alichoomba ni kimoja: akae nje aone watu wakipita. Lakini mlango wa sebule ulikuwa mwembamba, na barza yetu (kibaraza huku tunakiita barza) haikutosha hata kiti chake.

Nikaamua kuipanua hadi bustanini.

Vipimo nilifanya mwenyewe, nimejifunza kwa kusoma. Zege nilimwachia fundi Ilunga, anayetoka Kenya. Kenya ni commune, yaani wilaya, ya hapa mjini, si nchi.

Ijumaa tulifanya mambo mawili, yote sahihi kiufundi.

Tulitoa viti na makabati ya sebuleni tukayapanga uani, kwa sababu tulikuwa tunabomoa ukuta kupanua mlango na vumbi lilikuwa jingi. Halafu nikakodi bâche, yaani turubai kubwa, tukaifunga juu ya bustani ili mvua isiharibu zege.

Walio mbali huenda wasione tatizo. Kwetu mtu akifa, vitu vya sebuleni hutolewa nje ili wanawake wakae chini, na bâche hufungwa uani. Mpita njia akiona hivyo viwili haulizi. Na avenue nzima, yaani barabara yetu yote, ilijua Mama ni mgonjwa.

Mimi nilikuwa nawaza mteremko wa maji.

Jumamosi zege lilimwagwa mapema, likalainishwa. Ilunga alikuwa anaosha mwiko lango lilipofunguka. Mbele alikuwa Mama Josée, jirani wa mkono wa kushoto, kitenge amekikaza kiunoni, na kundi la wanawake nyuma yake.

"Mama yetu ule! Ametuacha bila kutuaga!"

"Mama, beto iko mubichi," Ilunga alimwambia, akionyesha zege.

Hakumsikia. Alijitupa chini kama desturi inavyotaka. Magoti na viganja vikazama.

Nilijaribu kueleza, sauti yangu ikamezwa. Mume wake, aliyeingia nyuma yao, alinishika bega, akanitia mkononi bahasha ya mchango wa mtaa. "Ndugu, ukaze roho."

Kisha kilio kikakatika, kwanza kwa wa mbele, halafu kwa wa nyuma. Niligeuka.

Mama alikuwa amesimama kwenye tundu la mlango mpya, mkono ukutani. Amefika pale kwa miguu yake, hakuna aliyemshika.

"Nani alikufa?"

Aliyejibu ni Mama Josée, bado kapiga magoti kwenye zege.

"Ni weye, mama."

"Ah. Basi muendelee, niko nasikiliza. Weye pale nyuma, hauna hata chozi."

Ilunga alicheka kwanza, wengine wakafuata. Tulichomoa kiti kwenye lile rundo la uani, tukamweka chini ya bâche, kando ya zege. Alikaa hadi jioni akiwasalimia waombolezaji wake mmoja mmoja, na bukari (ugali wetu) alimaliza sahani.

Mume wa Mama Josée alininong'oneza kwamba ile bahasha sasa irudi. Masikio ya Mama ni mazima.

"Mulilia, mulitoa, imeisha. Leta hapa."

Ilunga alitaka kuziba alama zile kabla zege halijakauka. Mama alikataa. Anataka Mama Josée azione kila akija kusalimia. Na anakuja karibu kila siku, anamkuta barzani.

Nilichojifunza: mwenye mgonjwa nyumbani, kabla ya kufunga bâche apite kwa majirani awaambie, au afungulie muziki. Vipimo vyangu vilikuwa sawa; nilisahau kwamba mtaa nao unasoma ishara.

Waliojenga huku wakiuguza, niambieni mlifanyaje, na wanaojua dawa ya kulinda zege lenye mashimo ya magoti wasiache kuandika.

Bahasha iko chini ya mto wa Mama. Aliniagiza nimhesabie mara mbili: franka elfu sabini na nane na mia tano.